Ukoo wa mbwa wa kuwinda: maswali ya wasomaji wa Lubumbashi na jirani zake

Msomaji wa Kipushi anauliza: Bwana mhariri, nina dume wa miaka 8 ambaye hakuna paa anayempotea. Nilimpandisha kwa jike wa jirani, wakazaliwa 7. Nikabaki na binti mmoja, naye nikampandisha na baba yake ili damu isiingiliwe. Safari hii wamezaliwa 3 tu. Mmoja alikufa siku ya tatu, na yule dume mdogo sasa ana miezi 7, korodani moja haijashuka. Aliyebaki ni jike, nataka akikomaa nimrudishe kwa mzee. Wawindaji wenzangu wanasema hivyo damu inakolea. Ni kweli?

Jibu: Inakolea, Baba, ila mabaya nayo yanakolea humo humo.

Binti ana nusu ya damu ya mzee. Mtoto wa mzee kwa binti yake ana asilimia 75. Ukimrudisha huyo tena kwa mzee, watoto watakuwa na 87.5. Hiyo ndiyo hesabu ambayo kila mwindaji anaipiga. Kuna ya pili ambayo wengi wanaiacha: uwezekano wa kitoto kupata jeni ileile moja ya mzee kwa upande wa baba na kwa upande wa mama. Baba akipanda binti yake, uwezekano huo ni asilimia 25, sawasawa na ndugu wa tumbo moja wakipandana. Ukifanya unavyokusudia utafika 37.5. Mbwa yeyote, hata huyo wako, amebeba kasoro zilizolala, na zinaamka pale zinapokutana mbili. Uzao kupungua na kitoto kufa siku za mwanzo si ushahidi kamili, maana hata baridi au kupandisha siku mbaya huleta hayo, lakini yakija pamoja baada ya baba na binti, sisi tungesimama hapo. Korodani isiyoshuka hadi miezi 6 kwa kawaida haishuki tena. Ni ya kurithi. Huyo dume asizalishe kabisa, na daktari aitoe, kwa sababu ikibaki tumboni inaweza kugeuka saratani.

Ukoo haukai ndani ya mbwa mmoja. Mtafutie mzee majike watatu wasio na undugu naye wala wao kwa wao: mmoja labda wa Kasenga, mwingine wa Likasi, mradi wote wanawinda kweli. Wapandwe mwaka huu, maana mbegu za dume huanza kudhoofika katika umri wake. Kwa kila uzao chagua wawili wa kubaki, na usichague kabla hujawaona porini. Kitoto mkubwa kuliko wenzake kwenye sanduku la kuzalia mara nyingi ni yule aliyepata chuchu ya nyuma yenye maziwa mengi, na maziwa si pua.

Hapo utakuwa na ndugu wa baba mmoja, mama mbalimbali. Ukiwapandisha hao wao kwa wao, watoto bado wana nusu ya damu ya mzee, na ile hesabu ya pili inashuka hadi asilimia 12.5. Ukisubiri mpaka wajukuu wa matumbo tofauti, yaani kila mtoto wa mzee amepewa kwanza mwenzi wa nje, inakuwa kama 3 tu, lakini damu ya mzee inabaki robo. Kuchagua kati ya hizo mbili ni juu yako. Sisi tungefanya ya kwanza kwa kizazi kimoja tu, halafu tungetafuta mwenzi nje ya ukoo.

Usijaribu kuwafuga wote uani kwako. Ugonjwa mmoja wa parvo, yaani virusi vya kuharisha damu, unaweza kuufuta ukoo mzima kwa wiki moja. Wape wawindaji unaowaamini, kwa karatasi yenye sahihi: mbwa ni wake, lakini hatampandisha bila wewe kujua, na katika uzao wa kwanza wewe unachagua kitoto kimoja. Bila karatasi, baada ya miaka miwili utaambiwa jike aliuzwa.

Na daftari. Kwa kila mbwa andika baba, mama, tarehe ya kuzaliwa, waliozaliwa hai na waliokufa, uzito wa kila siku kwa wiki mbili za kwanza, kasoro yoyote, na alivyofanya porini: alianza kufuata harufu akiwa na miezi mingapi, anarudi akiitwa, anabweka akiona au akinusa. Vitoto wanaofanana uwapake rangi ya kucha ya mama watoto, kila mmoja mguu wake, na urudie kila siku chache kwa sababu mama yao anailamba. Mzani wa jikoni wa gramu unatosha. Kitoto mwenye afya anakuwa na uzito mara mbili ya ule wa kuzaliwa akifika siku 7 hadi 10. Asiyeongezeka kwa siku mbili mfululizo, usimsubirie siku ya tatu.

Msomaji wa Kamalondo: Nasikia Wazungu wana mbwa wa kuwinda kutoka kwetu Kongo ambaye habweki. Kwa nini wao wamemhifadhi na sisi hatuna?

Jibu: Anaitwa basenji. Alitoka kaskazini, misitu ya upande wa Uele, ambako wawindaji humfunga kengele shingoni kwa sababu anafukuza kimya. Si bubu, anatoa sauti kama ya kuimba. Uingereza ilimwonyesha hadharani mwaka 1937. Lakini usiwasifu haraka, ndugu. Ukoo wao ulianzishwa na mbwa wachache mno, wakapandana humo kwa humo, na kukaibuka ugonjwa wa figo unaoitwa Fanconi: mbwa anakunywa maji mengi, anakojoa sukari, anakonda. Ilibidi mwaka 1987 na 1988 watu waje tena Zaire kutafuta damu mpya, na mwaka 1990 Marekani ikafungua kitabu chake cha ukoo ili kuwaingiza mbwa 14 kutoka huku. Rangi ya mistari unayoiona leo kwa baadhi yao ilipatikana na mbwa hao. Kwa hiyo hifadhi yenyewe ilikuwa bado vijijini kwetu. Jambo moja la kazi kwa mwenye mbwa wa asili hiyo: jike wa basenji kwa kawaida anaingia joto mara moja tu kwa mwaka. Usipoweka alama kwenye kalenda, umepoteza mwaka.

Mama wa Katuba: Jike wetu tulimpeleka kwa dume siku ya 7 tangu damu ianze. Akamng'ata. Siku ya 8 mume wangu akamfunga mdomo, dume akapanda. Hakushika mimba. Ni tasa?

Jibu: Hapana, Mama. Mlikwenda mapema, naye aliwaambia. Damu huchukua siku kama 9, ila kuna majike wa siku 4 na wa siku 17, ndiyo maana kuhesabu vidole peke yake kunadanganya. Tazameni mwili. Damu nyekundu inageuka maji ya rangi ya waridi, uvimbe wa nyuma unalegea, na ukimkuna juu ya shina la mkia anasimama kimya na kuusogeza mkia pembeni. Siku hiyo ndiyo ya kwanza ya kupandisha. Mpelekeni jike kwa dume, si dume kwa jike, kwa sababu dume akiwa ugenini anapoteza muda kunusa kuta. Rudieni kila baada ya siku moja mpaka jike akatae mwenyewe. Yai la mbwa likishuka linahitaji kama siku mbili kukomaa, na mbegu ya dume hukaa hai siku kadhaa ndani, kwa hiyo kuwahi kidogo si tatizo. Kuwahi wiki nzima ni tatizo.

Wakinasana, waacheni. Inaweza kuwa dakika 5, inaweza kuwa 30 na zaidi. Kuwamwagia maji au kuwavuta kunawaumiza wote wawili. Mmoja ashike kichwa cha jike asilale chini.

Mnaotaka uhakika, pimeni progesteroni, homoni ya uzazi, kwenye damu. Maabara inayowapimia wanawake inaweza kusoma ya mbwa pia. Ikifika kama nanogramu 5 kwa mililita, yai linashuka. Pandisheni siku ya pili na ya nne baada ya hapo. Kuzaa ni siku 63 tangu yai lishuke, siku moja mbele au nyuma. Hesabuni mapema: jike aliyepandwa Aprili atazaa Juni, na usiku wa Lubumbashi wa Juni na Julai unaua vitoto. Wiki ya kwanza sanduku liwe na joto la nyuzi kama 30, kona moja iwe ya baridi kidogo ili mama asihame. Joto la mwili wa jike likishuka chini ya 37.2, kwa kawaida anazaa ndani ya saa 24.

Msomaji wa Ruashi: Jike wangu wa thamani alipandwa na mbwa wa mtaani. Naambiwa tumbo limeharibika, hata nikimpa dume mzuri baadaye watoto watafanana na yule wa mtaani.

Jibu: Si kweli. Uzao huu ni wa yule, ujao utakuwa wa dume utakayempa. Hofu halisi ni nyingine: katika joto hilohilo jike anaweza kubeba watoto wa madume wawili, kwa hiyo ukimpeleka kwa dume wako wiki hii hutajua nani ni wa nani, na daftari lako litakuwa la uongo. Sindano za homoni za kuharibu mimba zinazouzwa ovyo zinaweza kuleta usaha kwenye kizazi, na jike wa ukoo unaweza kumpoteza. Mwache azae, gawa vitoto, subiri joto lijalo.

Msomaji wa Kampemba: Dume wangu amezeeka. Je, naweza kumgandisha mbegu, au kumtengeneza upya kama Wakorea?

Jibu: Wakorea walifanya hivyo kwa mbwa mwaka 2005. Ili kumpata Snuppy, nakala ya kwanza ya mbwa, walitumia viinitete 1,095 katika majike 123, wakazaliwa 2, mmoja akafa. Nakala hurithi mwili, haizaliwi ikijua kuwinda. Mbegu ni njia ya busara zaidi: zikigandishwa kwenye naitrojeni ya majimaji, nyuzi 196 chini ya sifuri, hukaa miaka mingi. Tatizo ni mtungi wa kujazwa mara kwa mara, na ukikauka mara moja yote yamekwisha. Kabla ya kutoa dola hata moja, waulize kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi nani anaweza kukufanyia.

Msomaji wa mtaa wa Kenya, Lubumbashi: Dume wangu anadondosha damu kwenye uume, na kuna nyama imeota kama koliflawa. Watu wanamtaka ampande jike wiki ijayo.

Jibu: Kataa. Dalili hizo ni za uvimbe unaoambukizwa kwa kupandana, na kwa mbwa wanaozurura umejaa. Unatibika: daktari humpa vinkristini, dawa ya saratani, kwa mshipa mara moja kila wiki, mara nyingi wiki 4 hadi 6. Dawa hiyo ikivuja nje ya mshipa inaozesha nyama, kwa hiyo asimchome kijana wa dukani. Asipande jike yeyote mpaka daktari aseme uvimbe umekwisha, na majike wote aliowapanda miezi ya karibuni wapelekwe kuangaliwa.