Kujitolea kufundisha watoto Uganda: maswali yenu

Nimepangiwa darasa la pili, kijijini nje ya Masaka. Kiluganda sijui. Kiswahili kitanitosha? (Msomaji, Bukoba)

Hakitatosha. Tangu 2007 mtaala wa Uganda unataka darasa la kwanza hadi la tatu wafundishwe kwa lugha ya eneo lao, na Masaka ni Kiluganda. La nne ni mwaka wa kuvuka, kisha Kiingereza kinashika hatamu. Omba mapema la tano au la sita. Ukikosa, baki la pili kama msaidizi: mwenyeji afundishe, wewe upite kwenye madawati ukisahihisha madaftari. Hata hivyo ingia na amri hizi: *mutuule* (kaeni), *muyimirire* (simameni), *musirike* (nyamazeni), *musome*, *muwandiike*. Mbili za mwisho umeshazielewa.

Kuhusu Kiswahili chenyewe, mwaka 2022 baraza la mawaziri liliridhia kiwe somo la lazima, na walimu wake bado ni haba, kwa hiyo usishangae mwalimu mkuu akikupa vipindi. Pokea, uanze na salamu na nyimbo. Baadhi ya wazee wa Buganda bado wanakiona ni lugha ya wanajeshi, na wana sababu zao. Usibishane nao.

Watoto 90, vitabu havifiki 10. Nianzie wapi? (Msomaji, Mwanza)

Anza na chati, na si za manila, maana unyevu huzilegeza zikachanika. Tafuta gunia la nailoni la kilo 50, la mchele au sukari. Fumua mshono wa chini, pasua ubavuni, lioshe, lianike likauke kabisa (likiwa na unyevu wino hutambaa), kisha andika kwa maka peni ya wino usiofutika. Herufi ziwe na urefu wa sentimita 5 au zaidi, la sivyo mstari wa nyuma watakariri kwa kusikia tu, nawe utadhani wanasoma. Ukingo wa juu ushone kwenye fito. Jioni lisokote, ulikabidhi ofisini.

Jambo ambalo wageni hawalitarajii ni bati. Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Novemba, mvua ikianza kupiga paa hakuna sauti ya mwalimu itakayopenya. Kupaza sauti ni kujiumiza koo bure. Kila andalio la somo liwe na kazi ya kimya ya dakika 20, kunakili au hesabu, iliyoandikwa tayari nyuma ya gunia hilohilo. Mvua ikishuka, unaligeuza tu.

Walimu wenzangu wanachapa. Nifanyeje? (Msomaji, Nakuru)

Sheria ya Watoto, kwa marekebisho ya 2016, imekataza viboko shuleni. Wewe usishike fimbo hata ya kuonyeshea ubaoni, kwa kuwa walio mbele watajikunja badala ya kusoma. Kutuliza darasa, piga makofi kwa mdundo, waitikie, kila mara ukishusha sauti. Mwenzako akichapa, mwone mwalimu mkuu faraghani.

Afya je? (Msomaji, Tanga)

Chanjo ya homa ya manjano siku 10 au zaidi kabla ya kuvuka mpaka, na kadi uwe nayo mkononi. Lala kwenye chandarua chenye dawa mwaka mzima. Ukipata homa, pima malaria siku hiyohiyo, usimeze vidonge kwa kukisia. Maji ya kunywa yachemke kwa nguvu dakika nzima, yapoe kwenye chombo chenye kifuniko.

Nibebe pipi za kuwagawia? (Msomaji, Arusha)

Hapana. Beba chaki na penseli, umkabidhi mwalimu mkuu.