Dishi la kubeba kwenye gari la safari: lipi linafaa Tanzania na Kenya

Mkuu, swali lako nimelielewa hivi: una Land Cruiser yenye hema juu ya paa, familia nzima mnazunguka Dar, Iringa, Mbeya, Kigoma, Mwanza hadi Arusha, na jioni kambini mnataka kuona mpira na taarifa ya habari. Unasita kati ya dishi la kawaida na ile kuba nyeupe ya Kimarekani inayojitafutia setilaiti yenyewe.

Achana na kuba. Nunua dishi la sentimita 80, LNB moja nzuri (kile kichwa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi), stendi ya miguu mitatu na kebo ya mita 20. Naeleza sababu kwa urefu kidogo, kwa kuwa sababu hizohizo ndizo zitakazokusaidia kulitega dishi lako ukiwa porini bila fundi.

Kuba za Winegard na KING wanazotumia wasafiri wa Marekani zimetengenezwa kwa ajili ya kampuni za TV za huko: DISH, DIRECTV na Bell ya Kanada. Setilaiti zake ziko upande wa Amerika, huku hazionekani kabisa. Mawimbi wanayoyapokea yanasafiri kwa kuzunguka kama parafujo, wakati Azam na DStv hurusha mawimbi ya wima na ya mlalo. Kwa hiyo LNB iliyofungiwa ndani haifai, na orodha ya setilaiti iliyomo kwenye programu yake haina hata moja ya kwetu. Ukiiwasha Iringa itazunguka, itatafuta, itakata tamaa. Kuba za Ulaya zina nafuu upande wa LNB, ila zimezoea Astra na Hotbird, setilaiti za kwao, na mota zake zimepimiwa anga la Ulaya, ambako setilaiti zinakaa chini. Kama utauziwa ya Ulaya, uliza mambo mawili kabla ya kutoa hela: je, orodha yake ina setilaiti ya digrii 7 mashariki, yaani ya Azam, na je, inaweza kuinuka mpaka digrii ngapi?

Hilo la kuinuka ndilo kiini cha jambo lote. Sisi tuko karibu na ikweta, na setilaiti zimepangwa juu ya ikweta. Azam inarusha kutoka Eutelsat ya digrii 7 mashariki, ambayo kwetu iko magharibi, juu kuliko nusu ya anga. DStv ya Afrika Mashariki iko Eutelsat ya digrii 36 mashariki, na hiyo iko karibu utosini kabisa: Nairobi ni kama digrii 88, Arusha 86, Mwanza 85, Dar na Iringa 81. Ndiyo maana madishi ya DStv Nairobi yanaonekana kama yametegwa kukinga mvua.

Kwa njia yako, ukitumia Azam, andika namba hizi kwenye karatasi uibandike ndani ya mlango wa gari. Ya kwanza ni mwinuko, ya pili ni mwelekeo wa dira:

Dar 52, 281. Iringa 55, 284. Mbeya 57 na nusu, 287. Kigoma 63, 281 na nusu. Mwanza 60, 275. Arusha 55, 276.

Utaona kwamba mzunguko wote huo mwelekeo unabadilika digrii 12 tu, na mwinuko 11. Piga alama za rangi kwenye kipimo cha mgongoni mwa dishi, moja kwa kila mji, na nusu ya kazi imekwisha kabla hujashuka garini.

Kama unataka DStv, chunguza kishikio cha dishi dukani. Vingi kipimo chake kinaishia kabla ya digrii 80. Dawa yake ni kulaza mlingoti wa stendi: inua mguu au miguu iliyo upande wa setilaiti mpaka mlingoti ulale kinyumenyume digrii 15, kisha kipimo cha dishi kiweke 66 badala ya 81. Toboa pia tundu la milimita 6 kwenye ukingo wa chini wa dishi, kwa sababu likiangalia juu kiasi hicho maji na umande huchelewa kutoka. Faida ya kuwa utosini ni kwamba kosa la dira haliumi sana: ukiwa Mwanza, kukosea mwelekeo kwa digrii 10 ni kukosea angani kwa chini ya digrii moja. Kosa la mwinuko ndilo linaloumiza.

Ukubwa. Dishi la sentimita 60 lina asilimia 56 tu ya eneo la dishi la 80. Kiangazi, anga likiwa safi, la 60 linatosha sehemu nyingi, na linaingia chini ya kitanda. Masika utajuta, kwa sababu mvua hula mawimbi na akiba huna. La 90 linashika zaidi ila boriti yake, yaani upana wa anga linaouona, ni nyembamba, kama digrii 1.9, hivyo kulitega kunahitaji mkono mtulivu, na upepo unalisumbua. La 80 lina boriti ya digrii 2.2 hivi, unakosea digrii moja bado unaona picha. Chini ya 60 usishuke. Mbali ya udhaifu, boriti yake pana huanza kuokota na setilaiti za jirani za digrii 5 na 10.

Kuna zile antena bapa, kama kitabu kikubwa. Nazipenda kwa kubeba, hazina mkono wa LNB wa kupinda. Kasoro yake hapa kwetu, kwa Azam, ni kwamba ili mawimbi yakae sawa lazima uizungushe antena nzima karibu robo mzunguko, isimame kwa upande wake mwembamba, na vishikio vya nyingi havizunguki kiasi hicho. Jaribu dukani. Ikikataa, iache.

Sasa mzunguko wa LNB, mahali ambapo watu wengi wanapoteza jioni nzima. Mawimbi ya wima ya setilaiti yamepangwa kufuata mstari wa kaskazini na kusini. Wewe ukiwa Dar umetazama magharibi, kaskazini iko mkono wa kulia, kwa hiyo kinachoitwa wima kimelala karibu mlalo. LNB ikikaa kama ilivyotoka dukani, mdomo wa kebo ukitazama chini, wima na mlalo vinabadilishana nafasi: king'amuzi kinaomba hiki kinapewa kile. Kipimo cha nguvu kinapanda vizuri, ubora unabaki sifuri, na mtu anazungusha dishi hadi usiku wakati dishi liko sawa tangu mwanzo.

Kanuni ya kukumbuka: mdomo wa kebo wa LNB utazame kaskazini. Kwa Azam ukiwa Dar au Kigoma unaizungusha digrii 77 hivi kutoka kwenye kutazama chini, Mbeya 71, Mwanza 84. Ukisimama nyuma ya dishi ukitazama setilaiti, mdomo wa kebo unakuwa kulia, umeshuka kidogo chini ya mlalo. Kanuni hiyohiyo inafanya kazi kwa DStv: popote ulipo, ukiangalia dishi kutoka juu, mdomo wa kebo uelekee kaskazini. LNB iwe ya universal, yenye masafa 9750 na 10600. Ving'amuzi vikubwa vya kurekodi vinaweza kudai LNB ya aina yake maalumu, hivyo nenda na king'amuzi chako unaponunua.

Stendi ni kitu ambacho wengi wanabania hela, na ni kosa. Miguu ikiwa imepanuka sentimita 80, mguu mmoja ukizama sentimita 1.4 kwenye mchanga umeshapoteza digrii moja. Beba vipande vitatu vya ubao wa sentimita 15 kwa 15 vya kuwekea miguu. Mlingoti uwe wima kwa pima maji, pande mbili. Mlingoti ukiinama, namba zote za mwinuko zinakuwa uongo. Chini ya kitovu cha stendi ning'iniza dumu la lita 20 lililojaa maji: kilo 20 hizo zinatosha kuzuia upepo wa kawaida, na maji unayo tayari garini. Usilifunge dishi kwenye paa la gari lenye hema. Mtoto akijigeuza kitandani, picha inakatika.

Kutega kwenyewe. Dira ipime ukiwa mita tano au zaidi kutoka kwenye gari, kwa sababu chuma cha gari kinaivuta, hata ile ya simu. Tofauti ya dira na kaskazini ya kweli kwetu ni ndogo, isikusumbue. Weka mwinuko kwa alama yako, zungusha LNB, elekeza dishi kwenye namba ya dira ukiwa umepitiliza digrii 10 upande mmoja. Kwenye king'amuzi fungua ukurasa wa mawimbi, mtu mmoja asome kwa sauti. Kisha zungusha dishi polepole, upana wa kidole kimoja ukingoni, simama sekunde tano, endelea. King'amuzi kinachelewa kutambua. Anayezungusha bila kusimama anaivuka setilaiti asijue. Usipopata, panda mwinuko digrii moja, rudia. Kisha shuka moja chini ya alama. Ubora ukitokea, kaza boliti nusu, rekebisha mwinuko mpaka ubora ufike juu, malizia na LNB kwa kuigusa kidogo kushoto na kulia. Kaza boliti zote kwa zamu, maana kukaza upande mmoja hadi mwisho kunalivuta dishi.

Vile vifaa vidogo vya mshale vinavyolia havijui setilaiti ipi ni ipi. Vinakuambia kuna kitu. Namba ya ubora kwenye king'amuzi ndiyo shahidi wa kuaminika.

Kivuli cha mti ni tamu kwa hema na sumu kwa dishi. Kwa Azam ukiwa Dar, mti wa mita 10 ulio magharibi unataka uwe umekaa nao mbali mita 8 hivi, zaidi kama matawi yametanda. Kwa DStv miti ya pembeni haina neno, ila tawi lolote la juu linaua picha, kwa hiyo gari libaki chini ya mgunga na dishi liende uwanjani. Ndiyo sababu ya zile mita 20 za kebo. Iwe RG6 yenye waya wa kati wa shaba tupu. Kebo ya chuma kilichopakwa shaba inapunguza umeme unaokwenda kwenye LNB, na dalili yake ni kwamba nusu ya chaneli zipo na nusu hazipo, kwa sababu volti 18 za mawimbi ya mlalo zinafika pungufu. Konekta ziwe za kubana kwa koleo lake. Zile za kusokota kwa mkono zinalegea kwa mtikisiko wa barabara ya vumbi. Kwenye LNB acha kebo ining'inie kitanzi kabla ya kupanda, maji yadondokee hapo. Usiku kusanya kebo garini, fisi na nyani wanaitafuna.

Picha ikikatika dakika kadhaa kila siku kwenye saa tisa alasiri, mwishoni mwa Machi au kuelekea mwishoni mwa Septemba, usiguse kitu. Jua linapita nyuma kabisa ya setilaiti ya Azam. Siku hizo hata dira huhitaji: pale jua lilipo saa tisa ndipo setilaiti ilipo.

Umeme. Televisheni ya inchi 24 ya volti 12 inakula wati 30 hivi, king'amuzi na LNB 15. Ukitazama kwa muda wa saa nne ni wati-saa 180, yaani ampea-saa 15 kutoka kwenye betri. Betri ya pili ya maji, ya ampea-saa 100, inahimili hilo siku tatu bila kushuka chini ya nusu. Betri ya kuwashia gari usiiguse. Ving'amuzi vingi vinatumia adapta ya volti 12, soma nyuma yake, basi huhitaji inveta. Lakini usikiunganishe moja kwa moja: gari likiwaka volti zinapanda hadi 14.4. Weka kidhibiti cha volti 12 chenye ampea 5 katikati, na fyuzi ya ampea 5 karibu na betri. Kifurushi lipia ukiwa bado mjini, washa king'amuzi dishi likiwa limeshika mpaka chaneli zifunguke, ndipo muondoke.