Kibodi ya sauti 600 au piano ya sauti 10? Gusa vibonyezo kwanza

Ndugu, umesema unaanza kujifunza ukiwa mtu mzima, na uko njia panda: kibodi ya vibonyezo 61 yenye sauti zaidi ya 600 za vyombo mbalimbali na midundo kibao, au piano ya kidijitali ya vibonyezo 88 yenye sauti 10 tu. Nimepiga vyombo vya aina zote mbili miaka mingi na nimefundisha wanaoanza, kwa hiyo nakujibu kwa kile nilichokiona mikononi mwa watu.

Sauti 600 utazichezea wiki ya kwanza. Baada ya hapo utabaki na tano au sita unazozipenda. Vibonyezo ndivyo utakavyovigusa kila siku, na hapo ndipo vyombo hivi vinapoachana kabisa.

Kwenye kibodi nyepesi, kibonyezo kinarudishwa juu na springi. Kwenye piano halisi, kila kibonyezo kinarusha nyundo inayogonga nyuzi, na kidole kinausikia uzito huo. Piano ya kidijitali haina nyuzi, lakini iliyotengenezwa vizuri ina nyundo ndani kwa ajili ya uzito tu, na mara nyingi vibonyezo vya upande wa besi ni vizito kuliko vya upande wa sauti za juu, kama ilivyo kwenye piano yenyewe. Tangazo likisema "vibonyezo vyenye uzito kiasi", jua mara nyingi ni springi iliyokazwa. Soma maelezo ya chombo uone kama nyundo zimetajwa.

Kwa nini nakazania hili? Aliyejifunzia springi pekee akikaa kwenye piano, noti nyingine hazitoki kabisa, vidole vinachoka haraka, na kupiga polepole kwa sauti ya chini kunamshinda. Aliyeanzia kwenye nyundo akihamia kibodi nyepesi anazoea upesi.

Kama bajeti inaruhusu kibodi tu, chukua kibodi, lakini iwe inayotambua nguvu ya kidole. Yamaha PSR-F52, kwa mfano, haitambui: uguse taratibu au upige kwa nguvu, sauti ni ile ile. PSR-E373 ya kampuni hiyo hiyo inatambua, nayo ina vibonyezo 61 vile vile. Kwa anayejifunza, hiyo ya kwanza simshauri hata kidogo. Vibonyezo 61 ni oktava tano (oktava ni kutoka do hadi do inayofuata), vinatosha kwa masomo ya mwanzo. Baadaye mkono wa kushoto utaanza kukosa nafasi.

Hali moja inanibadilisha msimamo. Kama lengo lako ni kupiga kwenye bendi au kusindikiza waimbaji, unahitaji midundo, kubadili ki (kupandisha au kushusha wimbo mzima) kwa kitufe, na chombo unachoweza kukibeba. Hapo kibodi za usindikizaji kama Yamaha PSR-SX au Korg Pa ndizo zinazofaa: unashika kodi (noti kadhaa kwa pamoja) kwa mkono wa kushoto, chombo kinaleta ngoma na besi. Vibonyezo vyepesi pia ni vizuri zaidi kwa sauti za ogani. Na uzito ni jambo la kweli: PSR-E373 ina kilo 4.6, wakati piano ndogo kama Yamaha P-45 ina kilo 11.5 na urefu wa sentimita 133 hivi.

Ukichagua piano, angalia idadi ya noti zinazoweza kulia kwa pamoja. P-45 ina 64, Roland FP-10 ina 96, FP-30X ina 256. Ukikanyaga pedali, ile ya mguu inayorefusha sauti, noti zinarundikana, na kiwango kikijaa za zamani zinakatwa. Kwa anayeanza, 64 zinatosha.

Pedali ya plastiki inayokuja kwenye boksi huteleza sakafuni. Tafuta yenye umbo la pedali ya piano. Usiikanyage wakati unawasha chombo, maana baadhi ya vyombo husoma pedali wakati huo, na inaweza kufanya kazi kinyume.

Ukinunua kilichotumika, zima midundo yote, chagua sauti ya piano, kisha pita kibonyezo kimoja kimoja, kwanza kwa upole halafu kwa nguvu. Kinachopiga kelele kali ghafla, au kinachokaa kimya ukikigusa taratibu, kina sensa (kihisio cha mguso) iliyochakaa au chafu. Chomeka hedifoni usikilize pande zote mbili, na hakikisha adapta ni ya chombo hicho: volti sahihi, na chanya na hasi zikae mahali pake.