Maswali na majibu: Mgeni mchonganishi kwenye filamu za makauboi

*Kwa nini kila akifika mgeni mmoja tu, mji mzima unalipuka?*

Kwa sababu ugomvi ulikuwepo kabla yake. Tazama A Fistful of Dollars ya Sergio Leone, ya mwaka 1964. Mgeni, anayeigizwa na Clint Eastwood, anaingia San Miguel, mji wa Mexico ulio mpakani na Marekani, juu ya nyumbu na kukuta koo mbili za magendo, akina Rojo na akina Baxter, zikigombea mji. Sherifu mwenyewe ni Baxter! Kuna sehemu siisahau: anachukua maiti za askari wawili kati ya wale waliouawa na akina Rojo, anaziegemeza kwenye kaburi kana kwamba zi hai, kisha anaziuzia pande zote mbili habari kwamba kuna askari walionusurika. Usiku huo wanakimbilia makaburini na kumiminiana risasi kwa ajili ya wafu. Yeye kachonganisha tu, chuki waliitunza wenyewe.

*Ni kweli hadithi hiyo ilitoka Japani?*

Kweli. Ni ya Yojimbo ya Akira Kurosawa, 1961, ambamo mgeni ni samurai asiye na bwana. Leone hakuomba ruhusa, akashtakiwa, wakamalizana kwa malipo. Marekani filamu yake ilionyeshwa 1967.

*Mambo hayo yaliwahi kutokea?*

Makundi kugombea mji, ndiyo. Huko Lincoln, New Mexico, Marekani, mwaka 1878 watu waliuana kwa sababu ya biashara ya duka na zabuni za nyama ya jeshi. Billy the Kid, yule jambazi maarufu, alikuwa kijana wa kuajiriwa upande mmoja.

*Mjomba, huyu stelingi ana utu kweli, au ni pesa tu?*

Mwanangu, mtazame Marisol, mwanamke wa kwenye filamu hiyo ya Leone. Ramón Rojo amemtenga na mumewe na mtoto wake mdogo, amemfungia ndani. Mgeni anamkomboa, anawapa fedha, anawahimiza wavuke mpaka. Hilo analifanya bila kulipwa, na ndilo linalomponza: anapigwa mpaka uso unavimba, anatoroshwa mjini ndani ya jeneza.

Lakini sitamsafisha. Akina Rojo wakimtafuta, wanaichoma nyumba ya akina Baxter na kuwapiga risasi wanaotoka wakijisalimisha. Mama Baxter, mke wa sherifu, anatokea bila silaha, analia juu ya wafu wake, anawalaani, naye anauawa. Wakati huo mgeni anachungulia kutoka ndani ya jeneza lile lile.