Nusu ya wagonjwa walipata nafuu, lakini ukilinganisha na nani?

Dada, umeuliza kama umwombe daktari ambadilishie kaka yako haloperidoli, dawa ya zamani, kwa kuwa umesoma kwamba dawa mpya ya mania (ugonjwa wa akili wa kuchangamka kupita kiasi) "iliwasaidia nusu ya wagonjwa". Uliza kwanza: na wale waliopewa kidonge kisicho na dawa je? Kwenye majaribio ya mania karibu theluthi yao nao hupata nafuu. Kazi ya dawa ni ile tofauti tu.

Halafu hiyo "nafuu" ni nini? Kawaida ni alama kushuka kwa nusu kwenye kipimo cha Young cha ukali wa mania, kinachoanzia 0 hadi 60, ndani ya wiki 3 hivi. Mdogo wangu hapa Chamwino alipougua aligawa kreti za zabibu barabarani bure, usiku analala kwa saa moja tu. Mtu kama yule akitoka 40 akafika 20, kwenye karatasi dawa imefanya kazi. Nyumbani mama bado analala na funguo za mlango chini ya mto. Angalia pia wangapi waliacha dawa njiani.

Uchambuzi wa mwaka 2011 uliojumlisha majaribio 68 ulizikuta dawa za haloperidoli, risperidoni na olanzapini mbele; nyingine, topiramati, haikuzidi kidonge tupu. Ya zamani si dhaifu, dada. Shida yake ni madhara: akikaza shingo au mwili, mpelekeni hospitali ya Mirembe leo leo, na dawa msimkatishie wenyewe.