Nimfundishe mwanangu la kumwambia kadhi?

*Shangazi, nimeachwa mwaka wa pili huu. Naishi Wete na wanangu wawili, msichana wa miaka 10 na mvulana wa miaka 4. Baba yao yuko Unguja, amefungua kesi anamtaka mkubwa. Kadhi kasema atamsikiliza mtoto mwenyewe. Kila usiku nampitisha maneno ya kusema, lakini sasa hali wala halali. Au nimuwekee vakili wake? Mama wa Wete.*

Mwanangu, pole. Kabla hatujafika kwa vakili, hayo madarasa ya usiku yaache leo.

Kadhi hakulibuni jambo hili. Alipokuja mwanamke kwa Mtume (S.A.W.) kushitaki kuwa mumewe anataka kumchukua mtoto wake, na mtoto huyo ndiye anayemtekea maji mama yake, mtoto aliambiwa: huyu baba yako, huyu mama yako, shika mkono wa umtakaye. Akaushika wa mama. Ndiyo maana sisi Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi, mtoto akishakuwa mumayizi, yaani anapambanua mambo, kiasi cha miaka 7, huulizwa. Huyo wako wa miaka 4 bado. Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao Tanzania iliuridhia 1991, nao unampa haki hiyo katika ibara ya 12, na Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Na. 6 ya 2011, inatanguliza maslahi yake.

Lakini kusikilizwa si kuhukumu. Nadhani hapo ndipo usingizi wa binti yako ulipopotelea: anaona yeye ndiye atakayemnyang'anya mmoja wenu. Mwambie wazi kuwa mwenye kuamua ni kadhi.

Na usidhani kadhi hatajua. Mtoto wa miaka 10 hasemi "baba hatekelezi matunzo." Husema viatu vyangu vya skuli vimetoboka. Akianza kutoa maneno ya kikubwa, atakayetiliwa shaka ni wewe uliyemkaririsha, hata kama yote ni kweli.

Sasa vakili. Utakayemuweka wewe ni wako, atasimamia ulitakalo wewe. Je, binti akisema amemkumbuka baba yake, nani atamsemea? Bora umuombe kadhi amhusishe Afisa Ustawi wa Jamii, afike kwako na kwa mtalaka wako, azungumze na mtoto faragha, aandike alichokiona. Omba pia mtoto asikilizwe chemba, chumbani kwa kadhi, bila wewe, bila baba yake, na bila bibi wa kukohoa mlangoni (wapo, nimewaona). Wewe binafsi ukitaka wa kukuongoza, Kituo cha Huduma za Sheria kina ofisi Chake Chake, na waulizie wasaidizi wa sheria wa shehia yako.

Siku yenyewe usimvishe nguo ya Idi. Mnyweshe chai, mwambie: utaulizwa, sema lililomo moyoni, na ukitaka kunyamaza nyamaza, hakuna wa kukukasirikia.

Kisha linakuja gumu kuliko yote, nalo ni lako peke yako. Akitoka mle ndani, mshike mkono mwende nyumbani, na usimuulize kasema nini.