Maswali yenu: mahindi yenye kiu, mpunga uliozama na jani la chumvi

Jua hili la Tanga limewafanya wote wakulima, najibu machache.

Swali: Shikamoo mwalimu. Mahindi yangu huku Muheza ikifika saa sita majani yanajikunja, jioni yamefunguka. Yanajuaje saa?

Marahaba. Hapo sio saa, ni kiu. Jani linapoteza maji haraka kuliko mizizi inavyovuta, seli zake za juu zinalegea, linajikunja, basi. Jeni, yaani yale maelekezo ya urithi ndani ya seli, zinaingia kazini udongo ukikauka kwelikweli, hapo mmea unawasha jeni za kutengeneza homoni inaitwa ABA, na ndani ya seli kuna protini imekaa kama breki, sasa ABA ikija ile breki inabanwa, protini nyingine zilizokuwa zimezuiwa nayo zinaachiwa na vile vitundu vya jani vya kupitishia hewa vinafungwa. Ila vikifungwa na hewa ya kupikia chakula haiingii, ndo maana mahindi ya ukame unayakuta hai lakini gunzi lina punje za kuhesabu.

Swali: Jaruba langu lilifunikwa na maji wiki nzima mpunga ukaoza. Eti kuna mpunga haufi?

Pole sana. Upo, ila usidanganywe eti haufi kabisa. Mpunga mwingi ukizama unapaniki, unarefuka mbiombio kutafuta hewa, sukari yote inaishia hapo, maji yakishuka umebaki uzi tu unalala chini. Sasa kuna mpunga wa kienyeji wa India, FR13A, wenyewe ukizamishwa unatulia tuli. Mwaka 2006 watafiti wakaitangaza jeni yenyewe, Sub1A: maji yakifunika inawaka, inazuia ile mbio ya kurefuka, sukari inabaki akiba, mmea unavumilia kama wiki mbili hivi. Wakaiingiza kwenye mbegu nyingine inaitwa Swarna kwa kuchavusha tu kizazi baada ya kizazi, sio mambo ya GMO, yale ya kupachika jeni maabara. Maji yakikaa mwezi lakini, hata huo unakufa.

Swali: Mchu, ule mkoko wa ufukweni, unaishije na maji ya bahari?

Maji yakitoka nenda pale Mwambani chuma jani la mchu ulilambe. Umeonja? Jani lina tezi za kutolea chumvi nje. Mimea mingi ina jeni za pampu ya chumvi, mojawapo SOS1, ila muhogo wako ukiupanda ufukweni pampu zinazidiwa.

Swali: Nikiizoesha miche ya nyanya jua inapata jeni mpya?

Hapana, ni zilezile ilizotoka nazo kwenye mbegu, kinachobadilika ni zipi zimewashwa. Mmea sio waja leo waondoka leo, ukishaota umeota, hauna pa kukimbilia, kwa hiyo unajipanga hapohapo na kujipanga kunataka siku kadhaa. Punguza maji, fungua kivuli kidogokidogo kama wiki hivi. Mimi mwaka jana nilijifanya mjanja nikatoa kivuli chote mchana mmoja, jioni majani meupe kama karatasi, na mbegu nilikuwa nimekopa.